Benjamin Butler, wakili aliyewageuza watumwa kuwa "magendo ya vita": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Benjamin Butler alikuwa nani?

Wakili wa Massachusetts, aliyezaliwa 1818 na kufariki 1893. Katikati ya hapo alikuwa jenerali wa Jeshi la Muungano (upande wa Kaskazini, wa serikali ya Washington) kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), mbunge kwa jumla ya miaka kumi, gavana wa jimbo lake kwa mwaka mmoja, na mgombea urais aliyeambulia kura kiduchu. Picha zake zinaonyesha mtu mnene mwenye kipara, kope zimelegea, macho hayatazami upande mmoja. Wachora katuni walimpenda kwa sababu hawakuhitaji kumtia chumvi.

Jina lake kamili ni Benjamin Franklin Butler. Ana undugu na yule Franklin wa kwenye noti ya dola 100?

Hapana. Ni jina tu.

Sisi wa huku anatuhusu nini?

Yeye mwenyewe, kidogo sana. Mji wake ndio unaotuhusu. Kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho watu wa pwani waliita merikani hakikupewa jina hilo kwa bahati: kilitoka Marekani, hasa kwenye viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Zanzibar na mabaharia wa Salem, bandari ya jimbo hilo, tangu enzi za Seyyid Said. Walikishusha, wakapakia pembe za ndovu na sandarusi, wakarudi kwao. Butler alikulia Lowell, mji uliojengwa kwa ajili ya kusokota na kufuma pamba. Na pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Kwa hiyo kanzu ya merikani iliyovaliwa Unguja mwaka 1850 ilikuwa na jasho la mtumwa wa ng'ambo ya pili ya bahari, na aliyeifuma huenda alikuwa binti aliyepanga chumba kwa mama yake Butler. Vita vilipoanza, pamba ikakatika na Wamarekani wakapoteza soko la Zanzibar kwa vitambaa vya Uingereza na Bombay. Jina likabaki, mali ikabadilika.

Alikulia katika hali gani?

Ya uyatima. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa baharini, akafa kwa homa ya manjano kwenye visiwa vya Karibi mtoto akiwa na miezi michache tu. (Kumbuka homa hiyo, itarudi huko mbele.) Mwaka 1828 mama yake alihamia Lowell na kuendesha nyumba ya kupangisha na kulisha wafanyakazi wa viwandani. Kijana alitamani kwenda chuo cha kijeshi cha West Point, hakupata nafasi. Akasoma chuo kidogo huko Maine, akamaliza 1838, na kufikia 1840 alikuwa ameshakubaliwa kuwa wakili.

Alikuwa wakili wa aina gani?

Yule ambaye ukiwa na hatia unamtafuta, na ukiwa mlalamikaji unaomba asiwe upande wa pili. Alisoma kila herufi ya hati ya mashtaka akitafuta kosa, na akilipata kesi inaanguka. Lowell wanasimulia kisa cha binti wa kiwandani aliyedhulumiwa ujira wake. Butler akapata amri ya mahakama ya kukamata mali ya kiwanda, lakini hakutaka meza wala viti. Akataka gurudumu kubwa la maji lililoendesha mashine zote. Hebu fikiria dalali wa mahakama anafika kiwandani na kutangaza kwamba gurudumu haliruhusiwi kuzunguka. Binti akalipwa. Kama kisa kimeongezwa viungo, sawa, lakini ndivyo mji ulivyomjua. Baadaye alipigania siku ya kazi ya saa kumi viwandani, na matajiri wa Massachusetts hawakumsamehe hadi anaingia kaburini.

Ni kweli alitaka Jefferson Davis awe rais?

Ni kweli, na ndilo jambo la kuchekesha kuliko yote katika maisha yake. Mwaka 1860 chama cha Democratic kilikutana Charleston kuteua mgombea urais, kikashindwa kukubaliana. Wakapiga kura mara 57, na mara nyingi kati ya hizo Butler alimpa kura yake Davis, seneta wa Mississippi na mmiliki wa watumwa. Alidhani mtu wa Kusini mwenye msimamo wa wastani ataizuia nchi isivunjike. Mwaka uliofuata Davis alikuwa rais wa majimbo yaliyojitenga. Na mwaka mmoja tena baada ya hapo, Davis huyo huyo akatoa amri Butler akikamatwa anyongwe papo hapo.

Kwa hiyo hakuwa mpinga utumwa?

Mwanzoni hakuwa. Aprili 1861 alifika Maryland na kikosi cha mgambo wa Massachusetts. Kulikuwa na uvumi kwamba watumwa wangeasi, naye akamwandikia gavana wa Maryland kwamba askari wake wako tayari kusaidia kuwazima. Gavana wa kwao Massachusetts alikasirika. Mwezi mmoja baadaye, mtu huyo huyo akafanya jambo lililowafungulia watumwa mlango wa kutoka.

Nini hasa kilitokea Fort Monroe?

Hapa inabidi twende taratibu.

Fort Monroe ni ngome ya mawe iliyozungukwa na handaki la maji, kwenye ncha ya Virginia iitwayo Point Comfort. Ndipo Waafrika wa kwanza kuletwa Virginia, watu wa upande wa Angola, waliposhushwa mwaka 1619. Virginia ilijitenga, lakini ngome ilibaki mikononi mwa serikali ya Washington. Butler alipewa uongozi wake Mei 1861.

Usiku wa Mei 23, wanaume watatu walichukua mashua upande wa pili wa maji, Sewell's Point, wakapiga makasia hadi ngomeni. Majina yao ni Frank Baker, James Townsend na Shepard Mallory. Bwana wao, Kanali Charles Mallory, alikuwa amewapeleka kujenga ngome ya mizinga ya jeshi la Kusini, na wao walisikia anapanga kuwapeleka mbali zaidi, North Carolina, waachane na familia zao. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyewaahidi kitu. Kwa sheria ya nchi ya wakati ule, mtumwa aliyetoroka lazima arudishwe, na kule kwingine makamanda wa Kaskazini walikuwa wakiwarudisha.

Butler aliwahoji. Alipojua kwamba walikuwa wakijenga ngome ya mizinga itakayoelekezwa kwake, akili ya kiwakili ikafunguka. Kesho yake akaja Meja John Cary na bendera nyeupe, akiwakilisha kanali mwenye "mali". Wawili hao walifahamiana, walikutana kwenye mikutano ya chama mwaka uliopita. Cary akauliza: je, hutatii sheria ya kurudisha watumwa waliotoroka? Butler akajibu kwamba Virginia inadai ni nchi ya kigeni, na sheria ya Marekani haifanyi kazi nchi ya kigeni. Cary, naye si mjinga, akasema: lakini ninyi mnashikilia kwamba hatuwezi kujitenga, basi kwa maneno yenu wenyewe hamna haki ya kuwazuia. Butler akamgeuzia: ninyi mnasema mmeshajitenga, basi kwa maneno yenu hamna haki ya kuwadai. Hao ni magendo ya vita, kwa kuwa mnasema ni mali, na mali hiyo inatumika kunipiga mimi. Kanali akija hapa akala kiapo cha utii kwa Marekani, nitamrudishia.

Kanali hakuja.

"Magendo ya vita" maana yake nini?

Kwenye sheria za vita, ni bidhaa inayomsaidia adui kupigana: baruti, risasi, farasi, makaa ya mawe. Ukiikuta unaichukua, na huna deni kwa mtu. Butler hakusema watumwa ni watu. Alisema: ninyi mnadai ni mali, haya, nimekubali, na mali ya adui nakamata. Aliwakaanga mabwana kwa mafuta yao wenyewe.

Wapo wanaomsifu hapa kama mkombozi, na mimi sikubaliani nao. Watatu wale walijikomboa kwa makasia. Yeye alitafuta maneno ya kuhalalisha jambo walilokwisha kulitenda. Lakini nchi ilikuwa imeshindwa kupata maneno hayo kwa miaka 80, kwa hiyo tusimnyime haki yake.

Baada ya hapo watumwa walikuwa huru?

Si mara moja. Walikuwa kitu cha katikati kisicho na jina kisheria, ndiyo maana watu wakawaita "magendo" tu, na jina likawaganda miaka yote ya vita. Habari ilienea usiku kwa usiku. Ndani ya siku chache walifika kwa makumi, wanawake na watoto na vikongwe, ambao hawakuwa wamejenga ngome ya mtu. Mei 27 Butler alimwandikia mkuu wake kwamba ana "mali" ya thamani ya takriban dola 60,000, akaomba maelekezo. Kufikia mwisho wa Julai walikuwa 900. Hapo barua yake kwa waziri wa vita inabadilika sauti. Anauliza: kama mabwana wamewakimbia na sisi hatuna nia ya kuwamiliki, je, si wamekuwa wanaume, wanawake na watoto? Ukisoma barua ya Mei na ya Julai kwa mfuatano unaona mtu anabishana na hoja yake mwenyewe na kushindwa.

Agosti 6, 1861 bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha mali inayotumika kwenye uasi, watumwa wakiwemo. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo ya waasi lilianza kazi Januari 1, 1863. Kufikia wakati huo watu walishaanza kujipatia uhuru kwa miguu yao, maelfu kwa maelfu, kila jeshi la Kaskazini lilipopita.

Kwa nini New Orleans walimwita "Mnyama"?

Kwa ajili ya amri moja fupi. Mji huo ulitekwa na manowari za Farragut, kamanda wa wanamaji wa Kaskazini, mwishoni mwa Aprili 1862, na Butler akaushika Mei 1. Wanaume walinyamaza, wanawake hawakunyamaza. Askari akipita, bibi mwenye gauni zuri anakusanya sketi kama vile anapishana na mwenye ukoma, au anamtemea mate usoni. Inasimuliwa kwamba Farragut mwenyewe alimwagiwa mkojo kutoka roshani ya ghorofani. Kuwakamata wanawake wa familia kubwa kungeleta ghasia. Mei 15 Butler akatoa Amri Namba 28: mwanamke yeyote atakayemtukana askari, kwa neno au kwa ishara, atachukuliwa kama kahaba wa mjini aliye kazini kwake.

Matusi yalikoma karibu mara moja. Mbinu ni ile ile ya Fort Monroe: hakuongeza nguvu, alibadilisha jina la kitu. Ila safari hii alibadilisha jina la wanawake wa watu, na kelele zilifika London, ambako Waziri Mkuu Palmerston alimlaani bungeni. New Orleans wakauza vyungu vya kukojolea usiku vyenye picha ya Butler sakafuni. Jibu hilo lina akili, lazima ukubali.

Kulikuwa na makubwa kuliko amri hiyo. Juni 7 alimnyonga William Mumford, aliyeshusha na kuichana bendera ya Marekani kabla mji haujakabidhiwa rasmi. Alimfunga Eugenia Phillips kwenye kisiwa cha mchanga kwa kosa la kucheka jeneza la ofisa wa Kaskazini likipita. Haya ndiyo yaliyomfanya Davis atangaze kwamba Butler si mfungwa wa vita bali mhalifu wa kunyongwa.

Je, alifanya lolote jema huko?

Alisafisha mji. New Orleans ilikuwa ikizika watu kila kiangazi kwa homa ya manjano, na mwaka 1853 peke yake walikufa watu wapatao 8,000. Watu wa Kusini walisubiri homa imalize kazi ambayo jeshi lao lilishindwa. Butler, ambaye homa hiyo ilimuua babaye, akaweka karantini kali kwa meli zote mbali chini mtoni, na akaajiri maskini wa mjini kufagia mitaa, kuzibua mitaro na kuchimbua matope ya miaka. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mchukuzi. Hata hivyo karantini na kuondoa maji machafu vilitosha, na idadi ya vifo inayotajwa kwa mwaka ule ni viwili.

Chakula na ujira wa maskini hao alivilipia kwa kuwatoza matajiri waliokuwa wamechangia mfuko wa kuulinda mji dhidi ya Kaskazini. Orodha ya wachangiaji ilikuwepo, kila mtu na kiasi chake. Butler aliisoma kama wakili anavyosoma ushahidi, kisha akawapelekea ankara.

Aliiba vijiko?

Huitwa "Vijiko Butler" kwa sababu ya seti ya vijiko vya fedha iliyokamatwa kwa mwanamke aliyekuwa akivuka mstari wa mapigano. Haikuthibitika kamwe kwamba alijinufaisha mwenyewe. Lakini kaka yake Andrew alikuja New Orleans na kuondoka tajiri kwa biashara iliyotegemea vibali vya jeshi, na Butler si mtu wa kutoona mambo yanayopita chini ya pua yake. Desemba 1862 aliondolewa.

Alikuwa jenerali hodari?

Hapana. Juni 1861 askari wake walichapwa Big Bethel baada ya vikosi vyake viwili kurushiana risasi gizani. Mwaka 1864 alipelekwa kuushambulia Richmond, mji mkuu wa majimbo ya Kusini, kutoka upande wa kusini, akajikuta amebanwa kwenye rasi ya Bermuda Hundred, na Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, akaandika kwamba jeshi lake limefungiwa kama lililomo ndani ya chupa iliyozibwa kizibo. Desemba mwaka huo alijaribu kuibomoa Fort Fisher, ngome ya Kusini, kwa kulipua meli iliyojaa baruti pembeni yake. Mlipuko haukuikwaruza ngome. Akafukuzwa. Januari 1865 alikuwa mbele ya kamati ya bunge akieleza kwa ramani na takwimu kwamba ngome hiyo haitekeki, na habari zikafika kwamba imetekwa.

Na askari weusi?

Hapo ana rekodi bora kuliko majenerali wengi waliomzidi kwa vita. Septemba 1862, akiwa New Orleans na akikosa askari, alikiandikisha rasmi kikosi cha Native Guards cha Louisiana, kati ya vya kwanza vya weusi katika jeshi la Muungano, na baadhi ya maofisa wake walikuwa weusi. Miaka miwili baadaye, Septemba 29, 1864, aliwatuma askari weusi kuushambulia mlima wa New Market Heights nje ya Richmond. Walipanda chini ya risasi, wakapoteza watu wengi mno, wakauchukua. Askari 14 weusi walipata Medali ya Heshima kwa siku hiyo moja. Butler aliona haitoshi, akatengenezesha medali nyingine kwa pesa zake mwenyewe na kuwavisha wapatao 200. Alisema baadaye kwamba alipita na farasi wake kati ya maiti zao, akimwongoza asiwakanyage, na akaapa kutetea haki za watu wao. Kiapo cha mwanasiasa hupimwa kwa kura, na kura zake tunazo.

Zinasemaje?

Aliingia bungeni 1867 kwa chama cha Republican. Mwaka 1868 alikuwa mwendesha mashtaka aliyefungua kesi ya kumwondoa Rais Andrew Johnson mbele ya Seneti, akazungumza kwa saa kadhaa kana kwamba anamshtaki mwizi wa farasi Lowell. Kura zilikuwa 35 kwa 19. Zilihitajika 36. Wengi walidhani ukavu wa hotuba yake ulichangia kukosekana kwa hiyo moja.

Mwaka 1871 alipigania sheria ya kulivunja Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililowatisha na kuwaua weusi, na mwaka huo huo akatia sahihi taarifa ya wachache kwenye kamati iliyosema wanawake tayari wana haki ya kupiga kura. Mwaka 1875 alisukuma sheria ya kukataza ubaguzi kwenye hoteli, treni na kumbi za maonyesho. Mahakama Kuu iliifuta sheria hiyo 1883, na Wamarekani weusi wakasubiri hadi 1964.

Alipeperusha bungeni shati lenye damu?

Hilo ni la kubuniwa. Alizungumzia mkaguzi wa shule aliyechapwa mijeledi na Klan huko Mississippi, na wapinzani wake wakamvisha shati ambalo hakulileta.

Kwa nini alihamahama vyama?

Democratic, Republican, Greenback (chama kilichotaka pesa za karatasi), Democratic tena, kisha Greenback. Ukimuuliza adui yake atasema tamaa. Nami nasema tamaa ilikuwepo, lakini angalia kilichobaki palepale: saa kumi za kazi mwaka 1853, pesa za karatasi kwa wadaiwa miaka ya 1870, na alipokuwa gavana 1883, uchunguzi wa makao ya maskini ya Tewksbury, ambako ilidaiwa maiti za wakazi ziliuzwa kwa shule za udaktari. Alimteua George Ruffin kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Massachusetts, na Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, kuongoza gereza la wanawake. Harvard, iliyozoea kumpa kila gavana shahada ya heshima, ilimnyima. Alihudhuria mahafali yao hata hivyo, na msafara wa askari wa farasi. Mwaka 1884 aligombea urais, akapata kura kama 175,000, chini ya asilimia mbili.

Alikufaje?

Januari 1893 alisafiri hadi Washington akiwa na miaka 74, macho yameisha nguvu, kutetea kesi kwenye Mahakama Kuu. Siku mbili baada ya kusimama mbele ya majaji, tarehe 11, alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Amezikwa Lowell, kwenye makaburi ya ukoo wa mkewe, Sarah Hildreth, ambaye kabla ya ndoa alikuwa mwigizaji wa jukwaani na anastahili ukurasa wake mwenyewe.